Magneto za Rubani

Maiti ilikuwa imelala chali kwenye sakafu ya banda, miguu ikielekea mlangoni. Juu yake ilisimama rafadha, lile panga la mbao linalokaa puani mwa ndege. Ncha moja ya panga ilikuwa na damu. Ya pili ilikuwa safi, inang'aa vanishi.

Inspekta aliinama akatazama, hakugusa kitu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, miwani yake ameifunga kamba shingoni. Kituoni walimwita Polepole, wala si kwa uvivu. Hakuwa na tabia ya kumkatiza mtu maneno.

"Kapigwa mara moja tu, afande," alisema Koplo. "Hapa, nyuma ya sikio."

"Na nini?"

"Na hilo panga."

"Panga halijipeleki lenyewe, Koplo. Nani alikuwa analizungusha?"

Koplo akajikuna shingo. "Hapo ndipo penye kazi. Mwenyewe alikuwa peke yake. Swichi imezimwa. Ufunguo haupo."

Marehemu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na vitanda vya chuma. Majirani walimwita Rubani, na walimwita hivyo kwa kumcheka, maana alikuwa hajaruka hata siku moja. Ndege hiyo aliijenga mwenyewe nyuma ya nyumba: mabomba ya chuma ndani, kitambaa juu, rangi nyeupe iliyopakwa kwa mkono. Ukuta mmoja wa banda aliubomoa ili mabawa yapate nafasi. Alitangaza kwamba Jumamosi angeirusha. Leo ilikuwa Alhamisi.

Mkewe alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda, mimba imemjaa mapajani. Chai ya marehemu ilikuwa bado mezani, imefunikwa kisahani.

"Pole sana, mama. Nieleze ulichosikia."

"Nilisikia injini."

"Iliwaka sana?"

"Haikuwaka hasa. Ilinguruma kidogo, kama mtu anayekohoa usingizini, ikanyamaza. Nikasema moyoni, huyu naye, hata chai hajanywa. Halafu nikakumbuka ufunguo."

"Ufunguo uko wapi?"

Akafungua kiganja. Ulikuwa ufunguo mdogo wenye kamba nyekundu, na alikuwa ameushika kwa nguvu hadi meno yake yamemchora ngozi.

"Nilimnyang'anya jana. Nimelala nao kwenye pindo la nguo. Sasa niambie wewe, afande, iliwakaje? Watu wameshaanza maneno. Eti nilichomoa ufunguo swichi ikiwa imewashwa. Eti nimemuua mume wangu kwa ujinga. Wengine wanasema ni yule wa kwanza."

"Yupi wa kwanza?"

Mjane akautazama mlango wa nyuma, kisha akashusha sauti.

"Mwenye injini. Ilitolewa kwenye ndege iliyoanguka na mwenyewe akiwa ndani. Nilikataa. Nikasema kitu cha maiti kisiingie kwangu, na hali yenyewe hii niliyonayo. Mume wangu akasema, basi nitabadilisha magneto zake. Hizo ndizo zinazotoa cheche, ndizo roho ya injini, ukishazitoa inakuwa kitu kingine. Akamwita yule fundi, Plagi, wakazibadilisha. Na kabla hata hazijazoea, ndiyo haya."

"Huyo Plagi na mumeo walikuwa wanaelewana?"

"Kama kaka na mdogo wake. Ila wiki iliyopita waligombana. Mtaa mzima ulisikia. Plagi alisema, 'Utakufa na magneto zako.'"

Koplo alikuwa mlangoni. Alikohoa, kikohozi cha mtu aliyepata anachotaka.

Plagi alikuwa fundi wa injini kwenye uwanja mdogo wa ndege, mwembamba, vidole vyeusi hadi kwenye mizizi ya kucha. Alikuja kituoni bila kuvutwa, akaketi bila kuambiwa.

"Ulimwambia atakufa," alianza Koplo.

"Nilimwambia. Mtu akikuonya utavimbiwa, ukivimbiwa ndiye aliyekulisha?"

"Jibu swali."

"Nimelijibu, afande. Wewe ndiye hukulipenda jibu."

Inspekta akamnyamazisha Koplo kwa jicho. "Mligombania nini?"

"Kuchagua. Injini ile hubeba magneto mbili. Moja ikifa ukiwa hewani, ya pili inakurudisha kwenu. Zile za zamani zilikuwa zimechoka, nikamwambia weka moja mpya, na upande wa pili weka mtambo wa betri. Ni wa kisasa, hausumbui kuwasha. Akakataa. Akataka magneto pande zote mbili."

"Kwa nini?"

Plagi akatabasamu kidogo, tabasamu likamfia mdomoni. "Alisema, 'Betri ikilala, na mimi nilale hewani?' Magneto haitaki betri. Ina sumaku tumboni. Ukiizungusha, inajitengenezea umeme wake yenyewe. Nikamwambia hiyo sifa yake ndiyo ubaya wake. Kitu kisichoomba ruhusa ya kuwaka, iko siku kitakuwakia usoni. Akasema mimi mwoga. Ndipo nikatoa lile neno."

"Ukazifunga hata hivyo."

"Yeye ndiye mwenye ndege. Nilizifunga, nikazijaribu, nikazizima. Zikazimika."

"Zinazimwaje, kama hazina betri?"

 Plagi alipojibu, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kwa waya. Kila magneto ina waya mmoja unaokwenda kwenye swichi. Ukizima, swichi inaunganisha ule waya na chuma cha ndege. Umeme unakimbilia kwenye chuma, hauendi kwenye plagi zinazowasha petroli. Injini inakuwa bubu."

"Kwa hiyo kuzima ni kuunganisha."

"Ndiyo."

"Na mtu akiukata huo waya?"

"Ameifungulia, afande. Hiyo swichi ni pambo tu. Hata ufunguo ukiutupa mtoni, ukigusa panga, cheche inaruka. Na marehemu alikuwa na mazoea ya kugeuza panga kwa mkono kila asubuhi, ili oili isambae. Petroli ikiwa imebaki ndani, basi."

Koplo akaweka picha mezani. Ilionyesha mahali penye giza chini ya kiti cha ndege, na nyaya mbili zilizokatwa.

Plagi aliitazama muda mrefu. Uso wake ukawa wa majivu.

"Nani kafanya hivi?"

"Ndilo swali letu. Ukimwacha marehemu, nani hapa mjini anayajua haya uliyotueleza?"

"Mimi," alisema Plagi. Kisha akaegemea kiti. "Nimejifunga mwenyewe, sivyo?"

Alilala mahabusu siku ile, na siku zilizofuata. Rubani alizikwa Plagi akiwa ndani. Koplo alitembea kifua mbele; kwake yeye jalada lilikuwa limekwisha. Mtu alikuwa na ujuzi, alikuwa na ugomvi, na alikuwa ametamka kifo kwa mdomo wake mwenyewe. Mwendesha mashtaka naye akasema kesi imekaa vizuri, ni ya kuua kwa kukusudia, na hukumu ya kosa hilo kila mtu anaijua.

Polepole hakulifunga jalada. Aliendelea kuiangalia picha.

"Koplo, njoo. Unaona nini kwenye ncha za hizi nyaya?"

"Tepu nyeusi, afande."

"Kila ncha imekunjwa, ikafungwa tepu. Taratibu. Mtu anakata waya ili mwenziwe afe, halafu anaketi kufunga kidonda?"

"Labda alitaka zisigusane."

"Labda. Na hapa mwisho wa tepu?"

Koplo akasogeza uso. Mwisho wa tepu ulikuwa umekunjwa kidogo, kama kijisikio, ili mtu atakayekuja kuifungua apate pa kushika.

"Mwuaji mwenye adabu," alisema Koplo, akacheka. Alikuwa peke yake katika kucheka.

Siku iliyofuata maabara ilileta majibu ya tepu moja waliyoichukua kama kielelezo. Kwenye upande wa gundi kulikuwa na alama za vidole, nzuri kabisa. Hazikuwa za Plagi. Hazikuwa za marehemu.

Koplo alisoma mara mbili. "Labda alimtuma mtu."

"Vaa kofia," alisema Inspekta. "Tunarudi kule."

Banda lilikuwa limefungwa kamba ya polisi, lakini kamba haikuhitajika. Watoto wa mtaa walikuwa wameacha kupita njia ile. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nguo ng'ambo aliwaambia, bila kuulizwa, kwamba asubuhi hiyo kuku wake walikataa kuingia ua ule. Koplo alisema kuku hukataa mambo mengi. Hata hivyo alipoingia bandani alipita mbali na panga, akijibana ukutani.

Mle ndani kulikuwa kimya. Ndege ilikaa kama mnyama aliyefundishwa kungoja. Inspekta aliingia chini ya kiti kwa tochi, akaitazama tepu iliyobaki, akatoka na vumbi magotini.

Mjane aliwapa maji jikoni. Inspekta alipoinua kikombe, macho yake yalikwenda juu kwenye taa. Waya wa taa ulikuwa umeungwa karibu na dari. Kiungo kilikuwa kimefungwa tepu nyeusi, na mwisho wa tepu ulikuwa na kijisikio.

Alikunywa maji yote kwanza.

"Mama, taa hii alikufungia nani?"

"Shemeji. Kaka mkubwa wa marehemu. Ni fundi umeme wa majumba. Nyumba hii yote, waya ni wake."

"Sijamwona tangu mazishi."

Mjane akaanza kuchezea ukingo wa meza. "Haonekani. Hajaja hata kunijulia hali, na si kawaida yake. Wanasema hali chakula vizuri. Wanasema anawasha taa mchana."

"Yeye na mdogo wake walikuwa na ubaya?"

"Ubaya?" Mjane alishtuka kweli. "Yule ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni."

Nyumba ya fundi umeme ilikuwa mtaa wa pili. Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama kichwani, na kila taa ilikuwa inawaka: ya ukumbini, ya stoo, ya chooni, hata ile ya nje juu ya mlango. Mwenyewe alikuwa ameketi katikati ya ukumbi kwenye kiti cha mbao, mgongo kwenye ukuta, ndevu hazijanyolewa. Alipowaona hakuinuka.

"Mmekuja kwa habari ya Plagi?"

"Tumekuja kwako," alisema Inspekta.

"Afadhali. Nilikuwa nataka kuja mwenyewe, miguu ikakataa. Mwachieni yule fundi, afande. Hana kosa. Hakuna mwanadamu mwenye kosa."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu niliiua mwenyewe ile injini."

Koplo akaingiza mkono mfukoni kutafuta pingu. Inspekta akavuta kigoda, akaketi mbele ya yule mtu, magoti karibu kugusana.

"Endelea, kaka."

"Jumatano mdogo wangu aliiwasha kuijaribu, watu wakashangilia. Mimi sikushangilia. Mwezi ule mwingine aliikimbiza tu pale uwanjani, haijainuka, ikapiga kichwa chini kwenye majani. Nilikuwepo. Nilimtoa kwenye kiti kwa mikono hii, uso umejaa damu, naye anacheka. Anasema, 'Kaka, umeona ilivyokimbia?' Nikajua huyu tutamzika. Basi Jumatano alipotoka kwenda kununua gundi ya kitambaa, nikaingia bandani. Nikafuata nyaya kutoka kwenye swichi. Mbili. Nikazikata zote."

"Ili iweje?"

"Ili isiwake. Ili nini tena? Jumamosi angehangaika nayo, watu wangemcheka, wangekwenda zao. Angetafuta ugonjwa wiki nzima asiuone, maana nilikata mahali pa siri. Mtoto angezaliwa. Mtu akishapakata mtoto, hewa inampungua kichwani. Hivyo ndivyo nilivyofikiri."

"Na tepu?"

Akamtazama kama hakuelewa swali. "Waya ukiukata unaufunga."

 Taa ya juu ilikuwa inatoa mlio mwembamba, kama mbu.

"Kwa hiyo unaona, afande," aliendelea, na sasa alikuwa ananong'ona. "Ilikuwa imekufa ile. Nimeshika umeme tangu ujana wangu. Waya uliokatwa hauna kitu, hata mtoto anaweza kuulalia. Na bado iliwaka. Ikamuua ndugu yangu bila ufunguo, bila waya. Nani aliiwasha? Si yule wa kwanza? Anakuja hapa pia. Namsikia analigeuza lile panga, hapo nyuma ya ukuta. Tak. Ananyamaza. Halafu tak. Taa zikiwaka anapungua kidogo."

Koplo alifungua mdomo aseme. Inspekta alimshika mkono kwa nguvu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Vaa viatu, kaka," alisema. "Kuna kitu lazima ukione kwa macho yako. Mimi nikikwambia, hutaniamini."

Plagi aliletwa bandani kutoka mahabusu. Alikuwa na hasira ya mtu aliyelala sakafuni, lakini alipomwona kaka wa marehemu anavyolikwepa lile panga, hasira ikamshuka. Mjane alisimama mlangoni. Waliambiana pole, yeye na shemeji yake, bila kutazamana.

"Fanya kama nilivyokueleza," Inspekta alimwambia Plagi.

Plagi alizifungua plagi zote ili injini isiweze kuwaka. Moja akaichomeka tena kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini. Akalishika panga kwa vidole viwili, akaligeuza taratibu.

Tak.

Cheche ya buluu ikaruka kwenye plagi.

Fundi umeme alirudi nyuma hadi akagonga bawa. "Ndiyo hiyo. Ndiyo ninayoisikia."

"Ni springi," alisema Plagi. "Iko ndani ya magneto. Inajivuta, inaachia. Hakuna mtu humo."

"Cheche imetoka wapi? Waya umekatwa."

"Rudi ukaangalie waya wako," alisema Inspekta.

Aliingia chini ya kiti. Walimsikia akihema. Alishika kile kijisikio cha tepu, akaifungua kwa mara moja, kwa mikono ya kazi.

"Ukutanishe na bomba la chuma," alisema Inspekta.

Akaukutanisha. Plagi akageuza panga. Tak. Hapakuwa na cheche.

"Uachanishe."

Tak. Cheche.

Baada ya hapo hakungoja kuambiwa. Aliugusisha waya kwenye chuma, akautoa, akaugusisha, akautoa, na Plagi kila mara alizungusha, mpaka Plagi akachoka akashusha mikono. Fundi umeme alitoka chini ya kiti, akakaa pale pale sakafuni.

"Huku kukata ni kuwasha," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nilipokata..."

Hakuna aliyemsaidia kumaliza.

Plagi alikuwa anafuta vidole kwa kitambaa, na labda alisema kwa ubaya, labda kwa mazoea tu ya ufundi. "Ungekata ukauacha ovyo, huenda waya ungelalia hilo bomba. Injini ingejizima yenyewe. Lakini uliufunga tepu."

"Siachi waya uchi," alisema yule mtu. "Mtu angeweza kuumia."

Kisha akaanza kulia, polepole, bila sauti, kama wanavyolia watu wazima wasiojua namna. Alipopata pumzi alisema, "Afande, ungeniacha na yule maiti. Yule ningeweza kuishi naye."

Inspekta alichutama karibu yake. Ilimbidi aulize, ilikuwa kazi yake, na karatasi ingeuliza hata kama yeye asingeuliza.

"Ulifanya kwa shauri lako peke yako?"

"Peke yangu."

"Hakuna aliyekuomba?"

"Nimesema peke yangu. Andika hivyo."

"Mimi ndiye niliyemwomba," alisema mjane.

"Shemeji, nyamaza."

"Sinyamazi." Alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine. "Nilimwendea kwake. Nikamwambia, mimi nimenyang'anya ufunguo lakini yule atachonga mwingine. Wewe ndiye mkubwa wake, mimi hanisikii. Mzuie. Akaniuliza, nimzuieje? Nikasema fanya lolote. Nilisema hivyo, lolote, na nikapiga magoti."

Koplo aliitazama sakafu. Plagi alikwenda akasimama upande wa pili wa ndege, mahali ambapo hakuona mtu.

Inspekta aliinuka. Alimweleza fundi umeme kwamba atashtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na kwamba mahakama itapewa habari yote, pamoja na tepu. Alimwambia Plagi kwamba yuko huru. Kisha akamgeukia mjane, kwa sababu alimwona bado anangoja, uso ameuinua kama mtu anayengoja zamu yake.

"Mama, wewe huna shtaka. Kumwomba mtu amwokoe mumeo si kosa popote."

"Najua si kosa," alisema mjane. "Ndiyo maana hakuna atakayenifunga, nikatumikia, nikamaliza."